Wimbo Alioacha Baba

Kelele za kituo kikuu cha treni cha Glasgow zilikuwa zimekwisha kumchosha Morven Galbraith, ndipo aliposikia zumari ya mfuko huko nje, ikiupasua umati. Mpigaji alikuwa kijana mrefu, mashavu mekundu kwa baridi, kilti yake, sketi ya wanaume wa Uskoti, ya mirabaraba ya kijani, imenyooshwa kwa pasi, marinda yamesimama kama kurasa za kitabu kipya. Morven akangoja mpaka aliposhusha mfuko kutoka kwapani.

"Kaka, harusini unapiga?"

"Harusini napiga, mazishini napiga. Tofauti ni mwendo tu."

"Dada yangu Shona anaolewa huko Paisley mwezi wa sita. Anataka mpigaji asiyelewa kabla ya kiapo."

"Basi umempata. Mimi hungoja kiapo kiishe."

Akacheka. Na Morven, ambaye hakuwa amecheka tangu wamzike baba yake, akajikuta anacheka pia. Kijana aliitwa Struan Ogilvie.

Simu za kupanga harusi zikawa ndefu kuliko harusi yenyewe.

"Umekula, kipenzi?" Morven aliuliza.

"Supu ya shayiri."

"Supu tu? Huo mfuko utakushinda kuujaza."

"Njoo unisaidie kupuliza basi."

Kabla miti haijamaliza kuchipua, walikuwa wakiketi benchi moja kanisani, na Morven alilitaja jina la Struan katika sala zake za shukrani.

Siku ya harusi ikafika. Shona, gauni jeupe na mtandio wa mirabaraba ya ukoo begani, aliingia akiwa ameshikwa mkono na mama yake, maana baba hakuwepo. Zumari ikaanza. Morven akaganda. Ulikuwa wimbo uleule uliopigwa kaburini kwa baba yao. Shona naye alisita kidogo, kisha akaendelea. Mama akaangua kilio.

Ibada ilipokwisha, watu walimpelekea mpigaji kikombe chake cha wiski kama ilivyo desturi. Morven akawapita, akamvuta hadi penye ukuta wa kanisa.

"Katika nyimbo zote za Uskoti, Struan, ukachagua huo! Umemzika baba yangu mara ya pili!"

"Morven, mpenzi..."

"Ulijua huo ni wimbo gani?"

Struan akamtazama mama yake Morven, aliyesimama karibu na gari ameinamisha kichwa.

"Nilijua."

"Basi usinipigie tena. Zumari wala simu."

Akatii. Kila asubuhi Morven alisali asimchukie, na kila asubuhi sala ile ilimshinda katikati.

Jumapili moja, wakimenya viazi, mama yake aliweka kisu chini.

"Mwanangu, mwenye kosa ni mimi. Wimbo ule baba yenu aliutunga kwa ajili ya harusi zenu. Alipofariki sikuwa na kitu kingine cha kumpa, nikamwomba mpigaji wa mazishi aupige polepole. Niliwaibia ninyi, nikampa yeye. Ndipo nikampigia simu Struan, nikamwimbia, aurudishe kwenye mwendo wake. Nikamwapisha asiseme mpaka niseme mwenyewe. Kisha nikaogopa."

Morven akafumba macho. Akaiona tena miguu ya Shona, jinsi ilivyokwenda mbele wepesi, ikiufuata wimbo, huku yeye akisikia kaburi tu. "Ee Bwana," alinong'ona, "nilihukumu nikiwa kiziwi."

Jumamosi iliyofuata alikuwa tena nje ya kituo, katika koti lake la harusini.

"Kaka, harusini unapiga?"

Struan akashusha mfuko. Hakutabasamu. "Inategemea nani anaolewa."

"Mimi. Mama ameniambia yote. Nisamehe, Struan. Nataka wimbo wa baba, kwa mwendo wake."

"Na bwana harusi?"

"Hapo ndipo penye taabu. Siku hiyo atakuwa mbele ya mchungaji, mikono yake nimeishika mimi. Itabidi amfundishe mtu mwingine kuupiga."

Machozi yakamlengalenga Struan.

"Yupo mwalimu wangu, mzee wa Perth," akasema. "Atakubali."

"Lakini kwanza niusikie na mimi. Mara ile sikuusikia."

Akaupiga. Abiria wakawapita na mabegi yao. Morven alisimama akilia, na taratibu, bila yeye kuuamuru, mguu wake ukaanza kwenda na wimbo.