Kocha wa Ulinzi na Babu wa Lango la Nane

Jumamosi ile foleni ya nyama katika duka kubwa la Tallowah ilikuwa ndefu, na midomo yote ilikuwa na habari moja: Mafahali, timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani, wamemwajiri Demarcus Pettway.

"Wamerogwa!" alifoka mzee mmoja mwenye kikapu. "Mtu aliyetunyanyasa miaka tisa akiwa kwa mahasimu wetu Brixey, leo ndiye kocha wetu msaidizi?"

"Lakini ulinzi anaujua," mama mmoja akamjibu. "Msimu uliopita ulinzi wetu ulikuwa kama choo cha stendi, kila mtu anaingia."

"Ulinzi anaujua, kukaa hajui! Alipotukimbia alituaga? Nauliza, alituaga?"

Latrice Tatum, mwenye saluni ya mtaa wa pili, alikuwa katikati ya foleni. Alivaa fulana ya Mafahali, rangi ya damu ya mzee, jinzi iliyomkaa sawasawa, na hereni kubwa za dhahabu. Alikuwa akiitazama shingo ya mwanamume wa mbele yake, aliyeshusha kofia mpaka kwenye nyusi. Shingo ile aliijua. Zamani aliinyoa kwa mkono wake kila Ijumaa.

Moyo ukamlipuka, na si kwa mapenzi.

"Mimi naona wamekosea kazi tu," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mboga. "Wangempa ufagio afagie uwanja. Kukimbia anajua, kufagia atajifunza."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mwenye kofia akageuka polepole.

"Umeota ulimi, Latrice."

"Nilikuwa nao siku zote. Wewe hukukaa ukausikia."

Kicheko kikakatika. Muuza nyama alibaki na kisu hewani, na mzee aliyefoka akajitia kusoma bei ya soseji.

Demarcus alimfuata hadi kwenye gari, kambebea mbavu za nguruwe kama mtu anayebeba zawadi. "Ule na mimi mara moja tu. Ukimaliza kambare na bado una hasira, nimwagie mchuzi."

"Mchuzi wa moto?"

"Wa moto, kipenzi. Nimestahili."

Akakubali. Jamani, msidhani alilainika! Mwanamke aliyeachwa na gauni la harusi kabatini halainishwi na kambare.

Miaka tisa kabla, Demarcus alikuwa kocha mdogo hapohapo Tallowah, na harusi yao ilikuwa imebakiza siku kumi na tatu. Sasa, msimu wa kuajiri makocha ukifika, watu wa Tallowah hufuatilia ndege, maana matajiri ndio huwasafirisha makocha. Kila tajiri anayefadhili chuo, namba ya ndege yake inajulikana, na inakotua hujulikana kwenye simu za watu kabla rubani hajafungua mlango. Hivyo ndivyo Latrice alivyopata habari. Alikuwa anamsuka mteja, mteja akasoma simu yake kwa sauti: bwana harusi wako ametua Brixey, kwa mahasimu. Ujumbe wa Demarcus ulifika saa nne baadaye. Latrice akabadilisha namba ya simu, akameza fedheha yake peke yake.

Safari hii mkataba ulikuwa usainiwe Ijumaa. Mashabiki wa Tallowah walikwisha kupiga kelele mara mbili huko nyuma mpaka ajira zikafutwa, na kwenye kijiwe chao cha mtandaoni hakuna aliyesikilizwa kama mtu aliyejiita Babu wa Lango la Nane, kwa jina la lango moja la uwanja. Watu walimdhania mstaafu mwenye meno ya bandia. Babu huyo alikuwa Latrice. Alitaka kitu kimoja: Demarcus atimuliwe kabla ya Ijumaa, mji mzima ukitazama, asome aibu yake kwenye simu za watu kama yeye alivyosomewa.

Jumapili wakala kambare. Latrice alivaa gauni jeusi makusudi, lile la kumfanya mtu ajute.

"Nieleze," alimwambia. "Miaka tisa nangoja uongo mzuri."

"Sina uongo. Nilipigiwa simu, ndege inanguruma, nikaambiwa ndiyo au hapana. Nikasema ndiyo. Kukuambia uso kwa uso nikaogopa. Nilikuwa mwoga, Latrice, basi."

Afadhali angedanganya. Ukweli mtupu ule ulimkera, maana hasira yake haikupata pa kushika.

Jumatatu na Jumanne simu haikutulia.

"Umekula, malkia?"

"Nimekula. Unaniuliza kama muuguzi?"

"Nauliza kama mtu anayetaka kualikwa."

Latrice akacheka, kisha akajiuma mdomo kwa kuwa amecheka kweli. Jumanne hiyohiyo Demarcus akateleza: "Kati yetu tu, huyu kocha mkuu, Mzee Crabtree, hawezi kulinda hata banda la kuku. Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani, mpenzi?" Latrice akajibu, na kalamu tayari mkononi.

Jumatano mchana kijiwe kikawaka. Ndege ya mfadhili wa Mafahali ilikuwa imetua Brixey, na mtu kapiga picha: Demarcus anashuka ngazi, tai ya bluu shingoni. Anarudi kwa mahasimu, tena kwa ndege yetu! Latrice akampigia. Simu imezimwa. Akapiga tena, mara sita. Imezimwa.

"Haya," alisema peke yake, machozi ya hasira yakimtoka. "Mara ya pili, eti? Basi mara hii utanikuta mlangoni."

Babu wa Lango la Nane akaandika: "Nina maneno ya Pettway mwenyewe kuhusu Mzee Crabtree." Akayaweka yote, na kuku wake. Weee! Mashabiki walichacha. Walipiga simu redioni, walichoma fulana, wakaziba lango la chuo kwa magari. Kabla jua halijazama chuo kikatangaza kwamba Pettway hataajiriwa.

Latrice alilala usingizi mzito, amekunywa kisasi akashiba.

Alhamisi saa tano asubuhi saluni ilikuwa imejaa. Mlango ukafunguliwa, Demarcus akaingia na tai yake ileile, imekunjamana.

"Mfadhili wenu alinipeleka Brixey kusaini karatasi ya kuachana nao," alisema. "Bila hiyo chuo chenu kisingenipa mkataba. Simu niliizima ndegeni, na kule nikasahau kuiwasha. Nilipoiwasha sikuwa na kazi."

Latrice akauacha msuko wa mteja nusu.

"Maneno ya kuku niliyasema kwa mtu mmoja tu duniani, Babu."

Bi Ozella, mwenye miaka sabini na mbili, akachomoa kichwa chini ya mashine ya kukaushia. "Babu ni wewe? Latrice! Kila Jumapili namwombea yule mzee apone mgongo!"

Wateja wote wakamgeukia Latrice.

"Sasa umejua inavyokuwa," Latrice alisema, "kusoma habari zako kwenye simu za watu."

"Nimejua." Akalegeza tai. "Brixey wamenirudisha asubuhi hii. Novemba tunakuja kucheza hapa kwenu. Mimi bado nakutaka, na hasira ninayo vilevile. Kama unanitaka, siku hiyo ukae jukwaa la Brixey, umevaa kijani chao, Tallowah yote ikuone."

"Umepata wazimu! Marehemu baba yangu atafufuka anizabe makofi!"

"Wewe ulinivua nguo mbele ya mji. Mimi nakuomba uvae tu."

Akatoka. Miezi ikapita, wala hakupiga simu; na kila Ijumaa Latrice alijikuta akiitazama simu yake.

Siku ya mechi ilikuwa na baridi kavu, na moshi wa majiko ya nyama ulitanda nje ya uwanja. Latrice alipita katikati ya watu aliokua nao, amevaa sweta ya kijani. Walimzomea. Kijana ambaye Latrice alimsuka tangu akiwa mtoto alimrushia karanga. Bi Ozella aligeuza uso, na hilo ndilo lililomchoma kuliko karanga.

Ulinzi wa Demarcus haukuwa na huruma. Kila Fahali aliyeshika mpira aliangushwa kwa kofia ngumu na mabega, na Latrice alikaa katikati ya vigelegele vya Brixey akiihesabu timu yake ikifa: kumi na nne kwa sifuri, ishirini na nane, thelathini na nane. Alilia hadharani wala hakujifuta.

Mwishoni Demarcus akaruka uzio, akapanda ngazi hadi kwenye kiti cha Latrice.

"Inauma?"

"Inauma sana, mshenzi wewe."

"Hata mimi iliniuma. Basi tumetoka sare."

"Thelathini na nane kwa sifuri ndiyo sare?"

"Olewa na mimi, Latrice."

Ng'ambo ya uwanja Tallowah yote ilikuwa inawatazama, na ilikuwa inazomea. Latrice akamshika ukosi wa koti, akamvuta karibu mpaka pua zikagusana.

"Nitaolewa," alisema. "Na ukipanda ndege tena bila kuniambia, nitawapa Tallowah mikakati yako yote, ukurasa kwa ukurasa."

Demarcus aliyaamini maneno yale, na akambusu hivyohivyo.