Karatasi Nyeupe ya Mwalimu Mdoe

Sogeeni, ndugu zangu, niwasimulie habari za nyumba moja pale Chanika, Handeni mjini. Haikuwa na ulevi, haikuwa na ugomvi, wala sufuria zake hazikulala tupu. Ilikuwa nyumba ya Mwalimu Mdoe, mwalimu mkuu mstaafu. Kila alasiri mama yake, Bibi Mashavu, aliketi barazani akichambua maharage na kusimulia. Alizijua hadithi za Wazigua ambazo hazikuwahi kuandikwa popote, nyingine zikiwa na nyimbo katikati, na katika ukoo mzima hakubaki mwingine aliyezijua zote. Mkwewe Rukaya, mke wa Mwalimu, alichambua naye huku akimdadisi, “Kisha ikawaje, mama?”

Siku moja likaletwa boksi. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, vitu vilivyochokwa Ulaya vikiuzwa huku kila kona. Sufiani, mtoto wao aliyefanya kazi Tanga, alikuwa amenunua kompyuta ya mtumba akampelekea baba yake. Rukaya akaifumia kitambaa cha kuifunika, kama cha redio. Mwalimu alifurahi kweli. Akasema sasa hadithi za mama zitaandikwa zote, ukoo uje uzisome hata mama akiwa hayupo.

Sufiani alimwonyesha baba yake jinsi ya kuiwasha na kuifungua programu ya kuandikia. Alipoanza kueleza ile safu ya maneno iliyo juu ya kioo, baba yake akamkatiza.

“Basi, nimeelewa. Mimi nilianza kupiga taipu wewe hujazaliwa.”

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, ingawa hakuna aliyejua. Mwalimu alikuwa mtu wa mashine ya taipu. Kwake yeye, herufi ikishagongwa imeshagongwa, na karatasi ikijaa inawekwa pembeni, inaingizwa nyingine. Kwa hiyo Bibi alisimulia, yeye akaandika kwa vidole vyake vyote, kwa haraka na bila kosa. Jioni alizima swichi ya ukutani, kwa kuogopa umeme wa Handeni usije ukaunguza kitu, akaifunika mashine kwa kitambaa. Kesho yake akafungua, akakuta ukurasa mweupe, akaridhika. Karatasi mpya hiyo, tuendelee.

Rukaya, aliyekuwa amesimama mlangoni na ungo wake, hakuridhika.

“Baba Sufiani, yale ya jana yako wapi?”

“Yako ndani.”

“Ndani wapi? Na hayo maneno ya juu, ukiyabonyeza yanafanya nini?”

“Hayo ni ya mafundi. Ukiwa na karatasi mpya kwenye taipu, ya jana unaiona? Maswali gani hayo, mama Sufiani!”

Rukaya akarudi kwenye maharage yake. Lakini swali lile lilimkaa Mwalimu kichwani. Usiku hakulala vizuri, na asubuhi akapanda basi kwenda Korogwe, akisema anakwenda kuangalia bei ya mbegu.

Nawaambia ukweli, hakwenda kuangalia mbegu. Korogwe kulikuwa na binti aitwaye Yuditha aliyefundisha kompyuta katika chumba kimoja karibu na stendi. Zamani alikuwa mwanafunzi wa Mdoe. Siku moja darasani alinyoosha mkono akauliza kwa nini mwezi unatufuata tukitembea. Darasa zima likacheka, na Mwalimu, badala ya kujibu, akamsimamisha mbele hadi kipindi kiishe, kwa kosa la swali la kijinga. Mwalimu aliikumbuka siku hiyo vizuri sana alipofika mlangoni pale.

“Shikamoo, mwalimu wangu!” Yuditha alisimama kwa furaha, akamletea kiti. “Karibu. Nikusaidie nini?”

Ndani kijana mmoja alikuwa akiuliza, “Dada, nikikosea narudije nyuma?” Yuditha akamwonyesha, wala hakuna aliyecheka. Mwalimu akafungua mdomo. Swali lilikuwa pale pale, maneno machache tu. Akakumbuka mwezi, akaona aibu.

“Nilikuwa napita tu, binti yangu. Nikasema nikusalimie.”

Akanywa soda aliyoletewa, akarudi Handeni.

Bibi Mashavu aliendelea kusimulia masika yote. Mara moja alisema, “Mwanangu, hebu nisomee nisikie nilivyosema.” Mwalimu akamjibu, “Tukimaliza, mama, nitakusomea zote kwa mpigo.” Bibi akakubali. Kisha akashikwa na homa ya mapafu, na haikumwachia. Alizikwa Kang'ata, karibu na mumewe.

Siku ya arobaini ukoo ulijaa uani, waliotoka Kang'ata na waliotoka Mnyuzi, kwa kuwa Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba sauti ya Bibi itasikika tena. Sufiani, akitoka Tanga, alimpitia Yuditha pale Korogwe, akaja naye akiwa amebeba mashine ya kuchapia. Wakafunua kitambaa, wakawasha.

“Mwalimu, faili umelipa jina gani?” Yuditha aliuliza.

“Sikulipa jina lolote.”

Yuditha akatafuta huku, akatafuta kule, vidole vikipungua mwendo. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, ili waliokuwa uani wasisikie.

“Ulikuwa unasevu, mwalimu?”

“Kusevu ndiyo kufanya nini?”

Hilo ndilo swali la kwanza Mwalimu Mdoe aliloliuliza kuhusu kompyuta ile, na mama yake alikuwa ameshazikwa. Yuditha alimwonyesha neno moja katika ile safu ya juu, la kuhifadhi maandishi; usipolibonyeza, mashine ikizimwa yote hupotea. Kulibonyeza ni kazi ya mara moja tu.

Uani mzee mmoja wa Kang'ata akaita, “Tunasubiri, Mwalimu! Tusomee!”

Mwalimu akatoka, akasimama mbele ya watu mikono mitupu. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Rukaya alipomwona hivyo akaelewa. Akakaa katikati ya wanawake, akaanza mwenyewe hadithi ya msichana aliyeolewa na nyoka, akaimba na wimbo wake, na watu wakaitikia. Alifika pale nyoka anapoomba aingizwe ndani, mvua inanyesha. Akaishia hapo.

“Kisha ikawaje, mama Sufiani?” Mwalimu akauliza.

“Sijui,” Rukaya akajibu. “Hapo nilikuwa nimeinuka kwenda kuangalia ugali. Nikasema utakuwa umeandika.”

FUNZO

Ndugu zangu, Mwalimu Mdoe hakuwa mvivu wala hakuwa mjinga, na mama yake alimpenda. Kilichomnyang'anya hadithi zile ni aibu ya kuuliza maneno yale ya juu yana kazi gani, na aibu hiyo alikuwa ameipanda mwenyewe darasani miaka mingi nyuma. Mtoto akikuuliza, mjibu. Mkeo akikuuliza, mjibu, na kama hujui, sema hujui. Na ukiwa na swali lako, liulize leo, wakati anayeweza kulijibu bado yupo barazani anachambua maharage.