Mota ya Kiwanja Namba 14

Saa sita na dakika arobaini mchana, Jumanne ya pili ya Julai, Billie Stroud alimkuta jirani yake Odell Haskins amekaa kwenye kipandio cha mlango wa trela lake la kuishi, fulana imeloa, karatasi mkononi. Ndani, mshumaa uliokuwa mezani ulikuwa umejikunja kwa joto. Kiyoyozi cha juu ya paa kilinguruma bila kutoa hewa.

"Kimekufa tangu saa ngapi?"

"Saa tano na nusu. Feni imelia kidogo, ikakwama. Na hii nililetewa saa mbili asubuhi."

Billie akaisoma. Ilitoka kwa Trent Vickery, msimamizi wa kambi hiyo ya matrela: trela la kiwanja namba 14 lina kiyoyozi chenye mota ya mwaka 1978, litakaguliwa leo saa kumi na moja jioni, chochote kisipofanya kazi, liondoke. Kambi nyingi za jangwa la Arizona, Marekani, hazitaki trela lililozidi miaka kumi. La Odell lilikuwa la mwaka 1991, na liliruhusiwa kwa sharti kwamba kila kitu kiwe kizima.

"Siondoki," Odell alisema. "Mti ule aliupanda Nadine. Wanikokote."

Ulikuwa mti pekee wa kivuli katika kambi nzima, na Nadine, mke wa Odell, alikuwa amefariki miaka sita iliyopita.

Marla Teague wa kiwanja namba 22 akaja na jagi la chai ya barafu. "Pole, Odell, jamani. Sisi nasi tunachomeka kule. Mume wangu Royce hata pumzi haishuki."

Billie alikuwa na miaka sabini na mmoja, thelathini na mmoja kati ya hiyo akitengeneza majokofu ya jikoni za shule, na hakupenda kutishwa kwa karatasi. Akalowesha blanketi, akalibeba begani na kupanda ngazi. Paa lilikuwa la moto hasa. Alitandika blanketi, akapiga magoti, akafungua skrubu nne na kunyanyua kifuniko.

Shafti ya mota, mhimili unaozungusha feni, ilikuwa imeganda. Mota za zamani zina vitundu viwili vya kuwekea oili, kimoja kila upande, na Billie alikuwa na desturi yake: kila akimaliza kutia oili, huziba vitundu kwa vizibo vya mpira na kuvipaka rangi nyekundu ya kucha. Rangi ilikuwa imepasuka; kuna mtu aliyevifungua vizibo. Akachovya kijiti kitunduni, akakinusa, kisha akakilamba. Shira, ileile inayomwagwa juu ya chapati za maji kila Jumapili asubuhi kwenye ukumbi wa kambi.

"Bi. Stroud, shuka!" Vickery aliita kutoka chini. "Kupanda paa ni marufuku."

"Waite polisi, waje na ngazi yao."

Alishuka na mota kwapani. Shira imo katika kila kabati la kambi hii, aliwaza. Nani alikuwa na nafasi?

"Jana ulitoka?" alimuuliza Odell.

"Saa tatu mpaka saa sita nilikuwa kliniki. Kila Jumatatu, kila mtu anajua."

Wa kwanza kuulizwa alikuwa Garrett Lindqvist, jirani mwenye gari jipya la kuishi, refu kama basi, aliyelalamika mwezi mzima kuhusu kelele za feni ya kiyoyozi cha Odell.

"Nilisema inalia kama nguruwe, na narudia," Lindqvist alisema. "Lakini hebu tazama." Akavuta suruali juu. Goti lilikuwa na nyuzi kumi na nne za upasuaji, bado hazijatolewa. "Ngazi ningeipanda na nini, bibi wee?"

Vickery naye alijibu kwa kiburi. "Jana asubuhi yote nilikuwa mjini Yuma, mkutanoni. Na hata ningekuwepo, mimi sihitaji hila. Nina kanuni."

Hilo Billie aliliamini. Kumfukuza mtu, kanuni ndiyo shira yake.

Alifungua mota juu ya meza ya Odell. Bushi mbili zinazoshika shafti, na sufi zinazofyonza oili, alizichemsha kwenye sufuria hadi sukari yote ikatoka, akazianika juani. Shafti akaisugua kwa msasa laini. Kisha akalowesha sufi kwa oili ya mota, nyepesi na safi, si ile ya kopo la kupuliza ambayo watu hujidanganya nayo. Alipokuwa akifuta kibati cha mota aliona mwaka uliogongwa pale, 1978, akaacha kufuta.

Saa kumi na moja kamili feni ilikuwa inazunguka, kimya. Vickery alikuja na ubao wake wa karatasi, Marla na chai yake, Lindqvist na gongo lake.

"Andika kinafanya kazi," Billie alisema. "Umeandika? Sasa niambie, 1978 uliipata wapi? Trela ni la 1991."

"Kwenye malalamiko." Vickery alipekua. "Yaliletwa jana saa saba. Na Bi. Teague."

"Kila mtu anajua lile dude ni la kale," Marla alisema.

"Hapana, Marla. Mota hiyo niliiokota kwenye kiyoyozi kilichotupwa, nikaifunga mwenyewe Aprili. Odell alishika ngazi chini, hakuiona. Mwaka umegongwa chini ya kifuniko. Kuusoma, lazima ukifungue. Trent, kiwanja hiki kikibaki wazi, nani anafuata?"

Vickery alikohoa. "Bi. Teague. Ameomba mara mbili."

Marla akaliweka jagi chini. "Royce anakufa kwenye jua lile," alisema. "Daktari kasema kivuli. Mti ni mmoja. Ningefanya nini?"

"Ungeniomba," Odell alisema. Alikuwa amesimama. "Ulinimiminia chai huku unanifukuza kwenye mti wa mke wangu. Siondoki, Marla. Leo, kesho, mwakani, sitoki hapa."

Kisha akaunyoshea mti kidole.

"Mlete Royce na kiti chake, akae kivulini hapa. Kila siku, saa nne mpaka jua lizame. Na kila Aprili utapanda paa hilo mwenyewe, mbele ya kambi nzima, utie oili. Matone manne kila upande. Mimi nitashika ngazi."