Mkwe wa Jiwe Jeusi

Lusungu alikuwa ameinama sokoni Tukuyu akibonyezabonyeza maparachichi, mkono mmoja umeshika gauni lake la kijani lisiguse tope, mtu alipomshushia kiroba juu ya mguu. Kiroba kilikuwa na jiwe.

"Samahani, dada," kijana mrefu alimwambia, vumbi jeusi limemjaa kwenye nyusi. "Umekanyagwa na baba yangu."

Akafungua kiroba. Ndani mlikuwa na kichwa cha mzee kilichochongwa kwenye jiwe jeusi la mlimani, mashavu yamebonyea, jicho la kushoto dogo kuliko la kulia. Kijana akajieleza: jina Gwakisa, mchongaji, mzaliwa wa Lupepo aliyelelewa Dar kwa mjomba wake. Chuo cha pale mjini kimempa kazi ya kuchonga sanamu ya mchuma chai isimame uwanjani, naye hakuona sura ya kufaa kuliko ya baba yake, Mzee Ambindwile. Lusungu alicheka mpaka akasahau mguu. Chuoni hapo ndiko yeye alikofanya kazi, tena bustani na njia zote zilikuwa chini yake.

Wakapendana. Gwakisa alimpigia simu kila alfajiri kumuuliza kama amekunywa chai. Alimwita bosi wa maua, naye akaitwa fundi vumbi. Yote yalisemwa, isipokuwa neno la posa.

Ndipo sanamu ikasimamishwa: mzee mzima, kikapu mgongoni, kando kabisa ya njia itokayo getini kwenda ofisini kwa Lusungu.

Sasa, Lusungu alilelewa Suma na bibi yake, na kwao, kwa Wanyakyusa, mwanamke hatazamani na baba mkwe. Akimwona mbele hupisha njia, akajifunika khanga usoni. Yeye hakuwa mkwe wa mtu bado. Lakini asubuhi ile ya kwanza, alipokutana na lile jicho dogo la kushoto, miguu ilikata kona yenyewe. Tangu hapo alizunguka nyuma ya mabweni kwenye tope, akifika kazini mabuti yamejaa udongo na moyo umejaa hasira. Alimkasirikia zaidi Gwakisa. Angemwambiaje? Kwamba baba yako nimeshamfanya mkwe, umebaki wewe tu? Mwisho akawaandikia wakubwa wa chuo kuomba sanamu igeuzwe, itazame ukuta.

Habari zikamfikia mchongaji. Akapiga simu.

"Kumbe kazi yangu inakutia kinyaa."

"Sijasema hivyo."

"Watu wote wanapiga nayo picha. Wewe unapita kwenye tope usiione. Nimekuona mara tatu, Lusungu."

"Hivi wewe ni Mnyakyusa gani?"

"Hilo linaingiaje hapa?"

"Kamuulize baba yako," alisema, akakata simu.

Siku nne simu ya alfajiri haikuita. Mwenzake wa maktaba, Alinanuswe, akamletea habari kwamba Gwakisa ameitwa kazi Dar na anaondoka Jumamosi. Lusungu akasema aende salama, kisha akamwagilia maji ua la plastiki lililokuwa mezani.

Ijumaa, mvua ya Tukuyu ikimwagika kama kawaida yake, simu iliita akiwa getini.

"Leo usizunguke. Pita njia yako."

"Gwakisa, nimechoka."

"Pita tu."

Akatupa jicho kwa pembeni. Sanamu ilikuwa imefunikwa kichwani mpaka kiunoni kwa koti la Gwakisa, juu yake khanga imefungwa fundo. Mwenyewe alisimama kando, shati limemganda mwilini, simu sikioni.

"Nilikwenda Lupepo kumuuliza mzee," akasema. "Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akaniambia, mwenzako ameshaingia nyumbani, wewe bado uko nje unanyeshewa."

Lusungu aliinua mwavuli amwone vizuri.

"Nataka kukuoa. Dar siendi. Kesho mzee anakwenda Suma na wenzake kuongea na bibi yako."

"Wiki sita, Gwakisa. Nimeharibu jozi mbili za mabuti."

"Sasa hilo ni jibu gani?"

Alikata simu, akaitia kwenye mkoba. Akavuta khanga aliyojitanda ikamfunika uso, akashika njia yake, mwavuli juu. Alipofika kwenye lile jiwe, ingawa lilikuwa limefunikwa gubigubi, alishusha macho, akakunja magoti kidogo, akapita pembeni kwa adabu zote.

Kisha akamgeukia yule mwingine aliyelowa chapachapa.

"Ingia mwavulini basi," alisema. "Utanyeshewa mpaka lini?"