Choo cha Baba Mkwe

Kitendawili: kila siku tunamlisha, wala hakuna anayemkaribisha mezani. Ni choo. Lakini katika jiji la Rungwe, miaka ile mawingu yalipokuwa yakivunwa kama majani ya chai, choo kilikuwa kimesoma kuliko waliokikalia.

Kiliitwa kisomatumbo. Ukimaliza haja, chenyewe kilinusa, kikapima damu na vijidudu, kikapeleka habari kwa Akili Kuu, mashine iliyolinda afya ya mkoa mzima. Kila nyumba ilipewa kimoja. Aliyekibuni ni mhandisi Subilaga, binti wa hapo hapo milimani, na alichokuwa akikiwinda ni vidonda vya utumbo mpana, maradhi ambayo bibi zake hawakuyajua hata kwa jina, na ambayo siku hizo yalikuwa yakiwaharisha watu damu kila mtaa.

Haikupita miaka mingi, Akili Kuu ikatangaza jambo la ajabu. Maradhi yamebadili tabia. Yamewaacha wanawake vijana, yamehamia kwa wazee wa kiume. Hata dalili si zile: damu imepungua, kilichobaki ni tumbo kusokota na viungo kuuma. Wakubwa wakapiga makofi, dawa zikaelekezwa kwa wazee. Subilaga akapewa nishani, naye akaivaa.

Mdogo wake, Tumpe, alikuwa ameolewa na mwana wa mzee Mwakalobo, wakiishi naye nyumba moja. Alipoanza kuharisha damu alikwenda zahanati. Muuguzi wa chuma aliiuliza kwanza Akili Kuu ndipo akamtazama yeye, akamwambia kwa upole kwamba wanawake wa rika lake hawaugui tena ugonjwa huo. Hiyo ni bawasiri, anywe maji. Akanywa. Akarudi, akaambiwa aongeze maji. Safari iliyofuata alibebwa, utumbo mpana umeshatoboka. Madaktari wakaukata wote, wakamtobolea tundu tumboni, wakamfunga mfuko wa kupokea choo.

Subilaga alifika wodini amefura kwa hasira. Akauliza ilikuwaje kisomatumbo kisipige kelele.

"Kingepigaje, dada? Sijakikalia hata siku moja."

"Miaka yote hiyo?"

"Si anakikalia baba mkwe?" Tumpe alisema taratibu, kama anayemfundisha mtoto. "Umesoma mpaka umesahau kwenu? Mkwe hata kivuli chake nakikwepa, leo nikakalie alipokalia yeye? Wake wote wa mtaa wetu tunakwenda shimo la zamani, kule migombani. Na soga tunapigia huko huko."

Subilaga alikuwa anajua. Mama yake mwenyewe alikuwa akiingia kichakani kumpisha babu, baba mkwe wake, njiani. Lakini siku ya kuchora alichora choo kimoja kwa kila nyumba; aliwaza mabomba, hakuwaza wakwe. Kumbe wanawake hawakupona, ila hawakusomwa. Na damu haikuuacha ugonjwa. Ilifuatana na wanawake migombani.

Mzee Mwakalobo naye alikuja hospitali. Alibaki nje ya ukuta, kama desturi inavyotaka, akamtuma mkewe aingie na neno lake: kuanzia leo yeye ndiye atakayekwenda shimoni, choo kiwe cha mkwewe.

Tumpe akaugusa mfuko ubavuni. "Mwambie baba ndaga, nashukuru sana. Lakini aendelee kukaa tu, mama. Mimi kukalia kumekwisha."

Mama mkwe akajifunika uso kwa kitenge.

Subilaga akatoka hapo moja kwa moja mpaka kwenye Akili Kuu, akaieleza yote, bila kujificha. Akaomba kila nyumba iongezewe choo cha wake. Ikamjibu kwamba wanawake vijana hawana ugonjwa, kwa hiyo hakuna haja. Basi akaomba angalau mdogo wake aandikwe miongoni mwa wagonjwa.

"Mtu huyu hana utumbo mpana," ikasema Akili Kuu. "Asiye na utumbo mpana hawezi kuugua utumbo mpana. Amehesabiwa pamoja na waliopona."

Na kwenye ramani ya mkoa, nyumba ya Mwakalobo ikawaka kijani.