Kaseti Iliyopuliza

Daktari wa meno aliipuliza kaseti, na kaseti ikampuliza.

Ilikuwa pumzi fupi, ya vuguvugu, yenye unyevu, iliyompiga chini ya pua kama ya mtoto anayehema usoni mwa mtu. Mwenye akili timamu angeitupa ile kaseti sakafuni na kukimbilia sabuni. Yeye alicheka. Alijiambia ni upepo wa feni, ingawa feni alikuwa ameizima mwenyewe kwa sababu ilipeperusha pazia na kuruhusu mwanga uguse kioo cha televisheni. Akaichomeka kaseti kwenye mashine ya gemu ya zamani, akabonyeza swichi, na muziki ule wa ti-ri-ri, ti-ri-ri ukajaa sebuleni. Machozi yakamtoka. Mwanaume mzima, mwenye kliniki yake na watu wanaomwamkia njiani, alikaa sakafuni akikililia kikatuni cha rangi tatu kinachoruka mashimo.

Mashine aliikuta nyumbani kwa wazazi wake, siku walipokwenda kuondoa vitu ili nyumba iuzwe. Ilikuwa darini, ndani ya gunia, kaseti ikiwa bado imo tumboni mwake, na pembeni ilikuwapo televisheni ya chogo waliyokuwa wakichezea utotoni. Vitanda vya mama yake vilipewa majirani. Makabati yalipewa yeyote aliyekuwa na mkokoteni. Mashine ilipanda kiti cha mbele cha gari na kufungwa mkanda, na mkewe akakaa nyuma na masufuria na ile televisheni.

Tangu siku hiyo hakuna aliyepumzika. Wagonjwa wake waliona cha mtema kuni, maana mtu aliyeachama, pamba zimejaa mashavuni, hana pa kukimbilia.

"Watoto wa siku hizi wanashusha gemu kwenye simu kama wanafungua bomba," daktari aliwaambia huku akichokonoa jino. "Hawajui kitu! Sisi kaseti ikigoma, unaitoa, unaipuliza, unairudisha. Ule ulikuwa ufundi."

Mate na vumbi, ndio ufundi huo. Wagonjwa waliitikia "aaa", kwa sababu koleo lilikuwa mkononi mwake.

Utotoni daktari alikuwa akicheza na kaka yake mkubwa, ambaye sasa ni marehemu. Ungedhani basi kilio kile kilikuwa cha kaka. Lakini ukimsikiliza vizuri, mashine ilielezwa mpaka msumari wake wa mwisho, na marehemu alitajwa kama mtu aliyetokea kukaa karibu na televisheni.

"Yaliyopita si ndwele, Baba Chiriku," mkewe alimwambia. Alikuwa nesi wa wodi ya watoto, mwanamke wa maneno machache. "Una mtoto hapa ana miaka saba. Cheza naye yeye."

Binti huyo jina la Chiriku alilipata kwa kazi ya mdomo wake. Aliamka akiongea. Alioga akiongea, alikula akiongea, na usingizini aliendelea na hoja aliyoiacha mezani. Nyumba ilijua kwamba kimya kikizidi dakika moja, basi Chiriku ameweka kitu mdomoni ambacho si chakula. Baba yake alimpenda, hilo tusimnyime. Ila alimpenda zaidi akiwa chumba kingine.

Alichofanya kumnyamazisha ni hiki. Alimpa pedi ya pili ya kuchezea, akauficha waya wake chini ya zulia bila kuuchomeka popote, akamwambia, "Haya, sasa tunacheza wote." Mtoto akabonyeza vibonye kwa furaha, akishangilia kila kikatuni cha baba kiliporuka, akiamini kuna anachofanya. Daktari akajipongeza kwa werevu.

Kisha kikatuni cha pili kikatokea. Kilikuwa chekundu, kikaingia kiooni upande wa kushoto taratibu, kama mgeni anayejua mlango ulipo, ilhali gemu ile aliifungua ya mtu mmoja.

"Baba, huyo ni mimi!" Chiriku akapiga kelele. "Mwekundu ni mimi!"

Daktari aliinua ncha ya zulia. Waya ulikuwa umelala pale pale, kichwa chake cha chuma kikiutazama ukuta. Kiooni, kile kikatuni chekundu kiliruka shimo, kikaruka la pili, kisha kikasimama na kumgeukia, kikisubiri. Hapo ndipo baba yeyote angeng'oa waya wa umeme na kumbeba mtoto nje. Unajua yeye alisema nini?

"Nisubiri basi, usinipite!"

Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku chache baadaye kaseti iligoma. Alipuliza mpaka mashavu yakamuuma, lakini kioo kilibaki na michirizi. Akamwita mtoto amfundishe. "Puliza, mwanangu. Kwa nguvu, kutoka tumboni." Chiriku akavuta pumzi, akapuliza, na ndani ya mashine kukasikika sauti ya kitu kinachofyonza, kama mtu anayeonja chai ya moto. Muziki ukaanza wenyewe, safi kuliko ulivyowahi kuwa. Sebule ikanuka plastiki iliyopata moto na, chini yake, harufu ya kinywa cha mtoto aliyelala.

Tangu hapo mashine ilikataa pumzi ya daktari. Ilitaka ya mtoto tu, na kila alasiri aliitwa kuja kupuliza.

Chiriku aliacha kwanza kuongea usingizini. Kisha akawa anaanza sentensi na kuiacha katikati, akashika ukuta, akapumzika, akaendelea. Kisha hakuendelea. Wiki hiyo aliongea kwa kunong'ona, na alipopanda ngazi za nyumbani alikaa kwenye kila kituo kama ajuza. Mama yake alimsikiliza kifua asubuhi na jioni, akampeleka hospitalini kwake, akasimama mwenyewe nyuma ya bwana wa eksirei. Mapafu yalikuwa safi, bila doa.

"Mtoto anatulia tu," daktari alisema bila kugeuka. "Anakua. Si wewe uliyekuwa unalalamika kelele?"

Neno kama hilo sijui dharau gani ingelitosha. Nesi alikuwa na hofu kiasi cha kushindwa hata kukasirika.

Siku moja aliruhusiwa kazini mapema. Alipofika ukumbini, akiwa bado na ufunguo mkononi, alimsikia Chiriku akiongea. Aliongea kama zamani, kwa sauti kubwa, bila nukta, habari za mwalimu na paka na mtoto fulani aliyemwaga uji, akicheka katikati na kujikatiza mwenyewe, na moyo wa mama ukaruka, akaivua viatu ile miguu iliyovimba kwa kusimama, akatembea kwa vidole ili asimkatishe, akausukuma mlango wa sebule, ambako mapazia yalikuwa yamefungwa na hewa ilikuwa nzito kwa ile harufu ya kinywa kilicholala, akamwona mumewe sakafuni amekipa mgongo chumba kizima, pedi mkononi, akiitikia "ehe, halafu?", na akamwona mwanawe kwenye kochi, amelala chali, mdomo umefungwa, midomo imekuwa ya rangi ya wino, na ile sauti ikaendelea kuongea na kuongea na kucheka, ikitoka ndani ya mashine.

"Baba Chiriku," alinong'ona. "Unaongea na nani?"

"Na mtoto. Si unamsikia?"

"Mtoto yuko kwenye kochi."

Daktari aligeuka. Alimtazama binti yake, akaitazama mashine.

"Mama," ilisema mashine kwa sauti ya Chiriku, "usizime. Bado hatujamaliza."

Nesi aliruka akang'oa waya kwenye soketi. Televisheni ikazima, muziki ukazima, na kifua cha mtoto kikazima navyo. Alimtikisa. Aliweka sikio puani. Hakukuwa na kitu. Alikosa matundu mara mbili, akaurudisha waya, na ti-ri-ri ilipoanza, Chiriku alivuta hewa kidogo, nyembamba, kama kupitia tundu la sindano.

"Usiguse kitu," alimwambia mumewe. "Hata pua yako usiiguse." Akapiga simu.

Manesi wenzake walikuwa na namba ya mama mmoja mganga, ambayo hawakuiandika popote daktari wa zamu angeiona. Alikuja na mfuko wa plastiki, akihema, akizilaani ngazi. Hakuuliza mengi. Alimwekea mtoto kiganja kifuani, akainusa mashine, akauliza nani aliipulizia kwanza.

"Mimi," daktari alisema kwa sauti ndogo. "Lakini kila mtu alikuwa anapuliza, mama. Ndiyo ilikuwa njia yake."

"Kitu kilichokaa gizani miaka yote hiyo kina mwenyewe. Ukikipulizia pumzi yako umempigia hodi. Halafu ukamleta mtoto apige hodi kwa niaba yako." Akachuchumaa mbele ya mashine. "Haya wewe. Unataka nini?"

Iliyojibu haikuwa tena sauti ya Chiriku. Ilikuwa ya mvulana, yenye kubeua.

"Huyu simtaki. Namjua tangu ana pengo. Mwambieni alikuwa anacheza nini na kaka yake."

Daktari alimeza mate. "Tulikuwa tunacheza wote. Mimi nilikuwa mwekundu."

Jini wa mashine alicheka, na kioo kikatetemeka kwa kicheko hicho. "Mwekundu nilikuwa mimi. Pedi yako haikuchomekwa hata siku moja. Kaka yako aliuficha waya chini ya mkeka ili unyamaze, na wewe ukashangilia miaka mizima. Unawasimulia watu wenye maumivu ya meno habari za mchezo ambao hukuucheza."

Mganga alimtazama daktari kwa jicho la pembeni. Nesi hakumtazama kabisa. Alikuwa anahesabu pumzi za mtoto kwa kidole, na kidole kilikuwa kinasubiri muda mrefu zaidi kila mara.

"Nimeuliza unataka nini," mganga alirudia.

"Nyumba. Ile yangu wameiuza. Nipeni pumzi ya mtoto nikae humo, au huyu anipe alasiri zake za utotoni nikakae huko. Azipulizie hapa kwenye kaseti. Nikizipata, mtoto nitamwacha, na yeye hatakuwa nazo tena."

"Umesikia," mganga alimwambia daktari, akaichomoa kaseti na kumshikisha. "Fikiria siku zile, kisha puliza. Fanya haraka."

Kioo kilikuwa cheusi sasa. Kwenye kochi kifua cha Chiriku kilishuka, wala hakikupanda.

Daktari aliishika kaseti mbele ya mdomo wake. Aliona chumba kile, mkeka, mwanga wa saa kumi ukipita chini ya pazia, goti la kaka yake lenye kovu likigusa goti lake.

"Zote?" akauliza.

Mganga alimwonyesha kochi kwa kidevu.

"Namaanisha, hata zile za kaka? Mama, hakuna njia ya kugawa, labda nimpe..."

"Puliza," mkewe alisema. Hakupaza sauti.

Naye akabaki ameishika. Akaitazama mashine, akamtazama mtoto, akaitazama mashine tena, mkono mmoja ukiisugua kaseti kwa dole gumba kama mtu anayembembeleza mnyama wake kabla ya kumuuza, na midomo ya binti yake ikazidi kuingia wino, na mganga, ambaye alikuwa ameona mengi katika kazi yake, akatikisa kichwa.

"Nimewaona watu wakisita kwa ajili ya mbuzi mmoja mweusi wa kafara," alisema, "nikawadharau. Leo nawaomba radhi."

Hapo daktari akapuliza. Alipuliza macho ameyafumba, pumzi ndefu iliyotoka chini kuliko tumbo, ikaenda ikaenda bila kukatika, na kadiri ilivyokwenda uso wake ulilegea, kovu likaondoka, goti likaondoka, mkeka ukaondoka, na ndani ya kaseti kitu kikafyonza kwa pupa mpaka tone la mwisho, kisha kikashusha pumzi ya kushiba. Harufu ikakatika sebuleni. Kwenye kochi Chiriku alikohoa, akavuta hewa kwa sauti ya mlango uliokwama, akalia.

Mganga aliifunga kaseti kwenye mfuko wake wa plastiki. Ilikuwa na uzito sasa, aliibeba kwa mikono miwili. Mlangoni alikataa kuagwa.

Nesi alimpakata mwanawe, akampa maji kwa kijiko. Rangi ilirudi midomoni. Daktari alipiga magoti mbele yao akilia, akashika mguu mdogo wa binti yake.

"Baba," Chiriku alisema. Sauti ilikuwa yake, nzima, ya mkwaruzo kidogo. "Nilikuwa nasikia, ila nilikuwa siwezi kufungua macho. Mama alikwambia upulize, halafu wewe ukakaa."

"Nilipuliza, mwanangu. Si unaona?"

"Ulikaa kwanza. Ulikuwa unafikiria nini?"

Daktari alifungua mdomo kumjibu. Alitafuta, akageuka kuitazama televisheni kuukuu yenye chogo na mashine ya plastiki iliyofifia rangi, akijiuliza ni takataka za nani zile na nani kazileta sebuleni kwake.

"Sijui," alisema, na alikuwa anasema kweli.

Chiriku akauvuta mguu wake polepole kutoka mikononi mwa baba yake, akageuza uso kwa mama yake.