Mapigo Mawili Ndani ya Chujio

Jua lilikuwa linazama Abigaïl alipobonyeza kengele ya villa ya Bwana Jeannot, nyuma ya mtaa wa Hewa Bora, begi la spana begani na hasira kifuani. Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida: chujio la bwawa la kuogelea linavuja, njoo ulitengeneze. Chujio la namna hiyo halina maajabu. Ni tangi lililojaa mchanga. Maji machafu yanaingia juu, yanapita mchangani, yanatoka chini yakiwa safi. Abigaïl alikuwa ametengeneza mengi tangu baba yake, fundi bomba wa migodini, alipofariki na kumwachia kazi.

Hasira ilikuwa ya jambo lingine. Miezi kumi na moja iliyopita mdogo wake, Guelor, aliitwa nyumba hiihii kutengeneza tangi hilihili. Hakurudi. Bwana Jeannot aliapa kwamba kijana alimaliza kazi akaenda zake, labda Sakania, labda Zambia, si mnawajua vijana wa leo. Tangu hapo mama yao, Mama Virginie, kila jioni nyumbani kule Naviundu anamwekea Guelor sahani ya bukari, ugali wa kwao, na kuifunika. Mwili haukuonekana, kwa hiyo matanga hayakukaliwa. Mwanamke yule hakuweza kulia wala kunyamaza, na hilo ndilo Abigaïl alilokuja kulimaliza. Alitaka kumrudisha ndugu yake nyumbani, akiwa hai au vyovyote alivyo.

Jeannot hakujua Abigaïl ni nani. Aliona namba ya simu kwenye kibao cha barabarani, akapiga. Ukoo hakuuliza.

Mlinzi aliyefungua geti, mzee Kunda, alimsindikiza hatua chache tu. Kisha akanong'ona bila kugeuza kichwa.

"Ile kintu ikivuja, iko na njala. Usitie mukono, mama."

Akarudi getini haraka, kama mtu aliyejutia mdomo wake.

Bwawa lilikuwa safi mno. Hapakuwa na jani wala mdudu, na ingawa upepo wa kiangazi ulikuwa unatikisa maua ya bustani, maji hayakutikisika. Bwana Jeannot alisimama kwenye kizingiti cha chumba cha pampu, viatu vinang'aa, mguu hautoki kwenye sakafu kavu. Maelekezo yake yalikuwa marefu. Kifuniko cha juu kisiguswe. Chini ya tangi kuna kizibo. Akitoe, apitishe mkono mpaka kiwiko, apapase bomba lililopasuka.

Abigaïl alimsikiliza akacheka moyoni. Fundi gani anayeanzia chini? Ukitoa kizibo cha chini tangi likiwa limejaa, mchanga wote unakumiminikia miguuni. Hata mwanafunzi wa wiki moja anajua. Ama mzee huyu ni mjinga, ama anataka mkono.

Aliingia. Harufu ikamlaki... si ya klorini. Ilikuwa harufu ya jasho la watu waliofanya kazi kutwa nzima mahali pasipo na hewa.

Alichuchumaa, akatoa kizibo. Alitaka kuona mchanga ukimwagika.

Haukumwagika.

Ulibaki pale kwenye tundu, mwekundu, umeshikamana. Akaugusa kwa ncha za vidole viwili. Ulikuwa na joto.

Mchanga ukamshika.

Haukumuumiza. Ulimvuta polepole, kwa subira, kama mtoto anayenyonya. Abigaïl aliogopa, tusidanganyane. Sala zote zilimtoka kichwani. Mkono wake mwingine ulikuwa na spana, na bila kufikiri akagonga bomba. Pigo moja tu.

Hiyo ilikuwa lugha ya nyumbani kwao. Baba yao alifanya kazi mahali ambapo pampu iko huku na bwawa liko kule, na mota ikinguruma hamsikilizani. Akawafundisha wanawe kuzungumza kwa spana juu ya bomba. Pigo moja: fungua. Mawili: funga. Matatu: nimemaliza, twende nyumbani. Watu watatu tu duniani waliijua lugha hiyo, na mmoja wao alikuwa kaburini.

Mota ilikuwa imezimwa. Abigaïl akatega sikio.

Kisha, kutoka ndani ya tangi:

Ko. ... Ko.

Pigo la pili lilichelewa kidogo. La Guelor lilichelewa siku zote. Baba alimgombeza miaka na miaka, hakubadilika.

Funga.

Abigaïl akavuta mkono kwa nguvu zote, akarudisha kizibo kwa kiganja. Akaangalia vidole vyake. Ngozi ya ncha ilikuwa imekuwa laini tupu, haina hata mstari mmoja. Hapo woga ukamwisha, akabaki na hasira peke yake.

Akapanda juu ya tangi, akaanza kufungua boliti za kifuniko.

"Nilikuambia usifungule," alisema Jeannot pale kizingitini, sauti ya chini kabisa.

Abigaïl akazidi kuzungusha spana. Boliti ya mwisho ikatoka. Katikati ya mchanga mwekundu ilichomoza spana namba kumi na saba, mpini umezungushiwa waya wa shaba. Guelor aliuzungusha mwenyewe, mezani pa mama yake. Hakuna bomba la chujio linaloweza kupitisha spana ile: iliingia mkononi mwa mwenyewe, na mwenyewe sasa alikuwa mchanga ule.

Abigaïl akashika ndoo iliyokuwa kando ya pampu, akachota nayo mchanga pale spana ilipokuwa, bila kuugusa, ndoo moja mpaka juu. Akashuka, akageukia mlangoni.

"Huyu iko wa kwetu, papa. Naenda naye."

Jeannot alitanua mikono mlangoni. Ndipo Abigaïl alipokumbuka viatu vile. Tangu afike, mzee yule hakuwahi kukanyaga penye maji. Akalipiga teke dimbwi lililokuwa limevuja sakafuni. Maji yakaruka, na Bwana Jeannot akarudi nyuma akijikunja kama aliyemwagiwa uji wa moto. Geti, Kunda alikuwa tayari ameliacha wazi. Abigaïl alipita na ndoo kichwani bila kukimbia. Kukimbia kungemfurahisha nani?

Walikaa matanga siku tatu. Katekista aliuliza sanduku dogo lile lina nini, na Mama Virginie akamjibu: "Mutoto wangu." Katekista akafungua kitabu chake cha sala. Wakamzika kando ya baba yake. Mama alilia mpaka sauti ikakauka, halafu akalala usingizi wa kwanza tangu mwaka jana. Sahani ilirudi kabatini.

Jioni ya siku ya nne, walikuwa uani wanapika. Bomba la uani likalia.

Ko.

Abigaïl akaacha mwiko. Akasubiri mapigo mengine mawili, yale ya twende nyumbani. Hayakuja.

Ko, likalia tena, lakini kwa mkono mwingine, mzito. Halafu mwingine, dhaifu kama wa mtoto. Halafu mwingine. Kila mkono pigo moja, kisha unampisha mwenzake. Fungua. Fungua. Fungua.

Guelor alikaa mle miezi kumi na moja. Alipata muda wa kuwafundisha wenzake wa mle tangini.

Abigaïl alitazama ncha za vidole vyake, laini kama kijiko. Tangi lile linachukua ndoo kumi na mbili. Alikuwa amebeba moja.

"Ni banani bale?" aliuliza mama, polepole.

Abigaïl akamwambia: watoto wa watu wengine, ambao mama zao bado wanafunika sahani.

Bomba liliendelea kulia. Mama Virginie aliondoa sufuria motoni, akamwagia maji makaa ya jiko la mbabula, akajifunga kitenge kiunoni. Kisha akachukua ndoo mbili, moja akampa binti yake.